Mnara Usio na Kofia: Kuusoma Mchoro wa Kale wa Glendalough

Glendalough ni bonde la milima ya Wicklow nchini Ayalandi, kusini mwa Dublin, ambako Mtakatifu Kevin alianzisha monasteri katika karne ya 6. Wachoraji wa zamani walilipenda sana: makanisa yasiyo na paa, makaburi yaliyoinamia majani, na mnara mrefu wa mviringo uliokatika juu. Leo mnara huohuo una kofia ya mawe iliyochongoka, na wengi wakilinganisha hudhani mchoraji aliisahau. Hakuisahau. Ilikuwa imeporomoka, ikajengwa upya mwaka 1876 kwa mawe yaleyale ya awali. Kofia isiyokuwepo ni ushahidi mzuri kwamba aliyechora alikuwa akichora alichokiona.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba minara ya mviringo ya Ayalandi kama huu ilijengwa ili watawa wakimbilie humo Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, walipovamia. Hoja hutolewa kwenye mlango, ambao Glendalough uko kama mita 3.5 juu ya ardhi: unapanda ngazi, unaivuta ndani, umesalimika. Lakini mnara wenye sakafu na ngazi za mbao ukitiwa moto huwa bomba la moshi. Mwaka 950 mnara wa monasteri ya Slane ulichomwa na watu wakiwa ndani, pamoja na kengele yao. Kuinua mlango kulisaidia pia kutodhoofisha kitako cha mnara wa mita 30. Jina la Kiayalandi lenyewe, cloigtheach, maana yake ni nyumba ya kengele. Hata hivyo, wasomi walibishana miaka mingi, wengine wakidai ni mahekalu ya waabudu moto au kazi ya Wafoinike, mabaharia wa kale wa mashariki mwa Mediterania, hadi George Petrie, mchoraji na mtafiti wa mambo ya kale, alipochapisha mwaka 1845 hoja zake kwamba ni minara ya kanisa. Nafurahi kwamba aliyelitatua jambo hili alikuwa mtu wa kalamu ya kuchorea.

Na magofu je, ni ya Waviking? Walipora, ndiyo. Ila Clonmacnoise, monasteri kubwa kando ya mto Shannon, ilichomwa mwaka 833 na Feidlimid, mfalme wa Munster, kusini mwa Ayalandi, Mwayalandi na mtu wa dini. Glendalough ilichomwa na majeshi ya Kiingereza mwaka 1398. Clonmacnoise ikamalizwa mwaka 1552 na askari wa Kiingereza kutoka mji wa Athlone. Kumbukumbu za Waayalandi zinasema walichukua kengele, vitabu, hata vioo vya madirisha.

Jengo linaloitwa Jiko la Mtakatifu Kevin si jiko. Ni kanisa; kinachoonekana kama bomba la moshi ni mnara mdogo wa kengele.

Kinachonigusa zaidi ni kile ambacho mchoro hauwezi kuonyesha. Mtazamaji huona mawe akadhani watawa waliishi ndani ya mawe hayo. Waliishi katika vibanda vya mbao na vya fito na udongo, vilivyooza bila kuacha ukuta. Na mahali penyewe hapakuhamwa: baada ya 1398 mahujaji waliendelea kuja, na wenyeji waliendelea kuzika wafu wao kati ya kuta zile. Mawe ya makaburi katika michoro hiyo, mengi ni ya watu waliozikwa wakati paa za makanisa zilikwisha kuanguka.