Je, wajua kwa nini dereva anaweza kushinda mbio za mwisho na bado akakosa taji?

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 2025, saa kumi alasiri kwa saa za Nairobi, magari ya Formula 1 yaliondoka kwa mbio za mwisho za msimu kule Abu Dhabi. Baada ya mizunguko 58, Max Verstappen alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho. Huo ulikuwa ushindi wake wa nane mwaka huo, na hakuna dereva mwingine aliyefikisha nane. Lakini aliyekuwa akilia ndani ya kofia yake kwa furaha ni Lando Norris, aliyemaliza wa tatu. Yeye ndiye bingwa wa dunia. Mtu aliyekuwa ameingia baa ya Westlands kwa ajili ya nyama choma tu, akakuta langalanga kwenye skrini, ana haki ya kuuliza: vipi tena, wa tatu ndiye anapongezwa?

Mshabiki wa mpira ana pa kuanzia. Gor Mahia wanaweza kupigwa na Ingwe, yaani AFC Leopards, kwenye Mashemeji Derby, mtaa mzima ukacheka wiki nzima, na bado K'Ogalo wakabeba ligi mwisho wa msimu. Langalanga nayo ni ligi, yenye mbio 24 mwaka huo wa 2025, na anayetawazwa ni mwenye pointi nyingi. Tofauti ni kwamba kwenye mpira anayefungwa huenda nyumbani mikono mitupu. Kwenye Formula 1 mshindi hupata 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12, wa tano 10, na hivyo hivyo hadi wa kumi anayeambulia 1. Ukiwa wa pili kila wiki utamchosha sana yule anayeshinda leo na kesho gari linamharibikia.

Sasa tazama hesabu ya siku ile. Norris aliamka na pointi 408, Verstappen 396, na Oscar Piastri, mwenzake Norris katika timu ya McLaren, 392. Hata Verstappen afanye miujiza, asingevuka 421. Norris akimaliza wa tatu anafika 423. Akimaliza wa nne anabaki na 420, na taji linakwenda kwa pointi moja. Kwa hiyo aliyekuwa wa kuogopwa si Verstappen aliyekuwa akitokomea mbele, bali Charles Leclerc wa Ferrari aliyekuwa nyuma katika nafasi ya nne. Piastri alimpita Norris mzunguko wa kwanza tu, na Norris hakujiua kumfukuza. Mtazamaji asiyejua hesabu angesema kijana amelegea. Mwenye kuijua alikuwa akiangalia pengo la Norris na Leclerc, basi. Red Bull, timu ya Verstappen, nao waliijua: Yuki Tsunoda, mwenzake Verstappen, alijaribu kumziba Norris njiani kwa kuyumba kushoto na kulia, akapigwa adhabu ya sekunde tano.

Utamu wenyewe uko wiki moja nyuma. Katika mbio za Qatar, Norris alikuwa wa tano zikiwa zimebaki dakika chache sana, mzunguko wa mwisho ukikaribia. Kijana Kimi Antonelli wa Mercedes aliyekuwa mbele yake akateleza nje ya njia, na Norris akapita akawa wa nne. Pointi 10 zikawa 12. Ziondoe hizo mbili, kisha rudia matokeo ya Abu Dhabi jinsi yalivyokuwa: Norris 421, Verstappen 421. Wakilingana, kanuni huangalia nani ameshinda mbio nyingi zaidi. Verstappen nane, Norris saba. Taji lingehama. Bila shaka Norris angeendesha kwa namna nyingine kama angejua nafasi ya tatu haitoshi, lakini hapo ndipo uone kuteleza kwa mtu ambaye hata hakuwa akiwania ubingwa kulivyokuwa na uzito.

Na mambo ya aina hiyo yalikuwa mengi. Kule Las Vegas Norris alimaliza wa pili, kisha wakaguzi wakapima ubao ulio chini ya gari na kukuta umelika chini ya milimita 9 zinazotakiwa. Pointi 18 zikafutwa. Verstappen naye mwishoni mwa Agosti alikuwa nyuma ya Piastri kwa pointi 104, akalipunguza deni hilo wiki baada ya wiki hadi akampita Piastri mwenyewe. Mimi nadhani Verstappen ndiye aliyeendesha vizuri kuliko wote mwaka huo. Lakini taji halitolewi kwa kuangalia nani alipendeza.

Afrika nayo ilishawahi kuwa mwenyeji wa mvutano kama huu. Oktoba 1958 msimu ulifungwa Casablanca, Morocco, kati ya Waingereza wawili, Stirling Moss na Mike Hawthorn. Moss alihitaji kushinda, aweke na mzunguko wa kasi kuliko wote, ambao siku hizo ulikuwa na pointi yake, kisha Hawthorn asifike nafasi ya pili. Mawili ya kwanza aliyatimiza. Lakini Phil Hill, mwenzake Hawthorn katika Ferrari, alipunguza mwendo akamwachia nafasi ya pili. Hawthorn akatwaa ubingwa kwa pointi 42 dhidi ya 41. Mwaka mzima alikuwa ameshinda mara moja tu. Moss alishinda mara nne.

Chungu zaidi ni kilichotokea Ureno miezi miwili kabla. Waamuzi walitaka kumfutia Hawthorn matokeo kwa madai kwamba gari lilipozimika aliliwasha tena akienda kinyume na mwelekeo wa mbio. Aliyesimama kumtetea ni Moss mwenyewe, akieleza kwamba Hawthorn alikuwa pembeni, nje ya njia. Hawthorn akabaki na pointi zake saba. Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia maisha yake yote.

Watu wameshajaribu kubadilisha jambo hili la mwenye ushindi mwingi kukosa taji. Mwaka 2008, Felipe Massa alishinda mbio za mwisho nyumbani kwao Brazil, na familia yake ikaanza kusherehekea, kabla Lewis Hamilton hajampita Timo Glock karibu na kona ya mwisho na kuwa wa tano. Hamilton 98, Massa 97, ingawa Massa alikuwa ameshinda mara sita na Hamilton mara tano. Machi 2009 wakuu wa mchezo wakatangaza kwamba bingwa atakuwa mwenye ushindi mwingi. Timu zikapinga, na tangazo likarudishwa mfukoni ndani ya siku chache. Kilichobadilika ni mwaka 2010: mshindi alipandishwa kutoka 10 hadi 25, na wa pili kutoka 8 hadi 18. Yaani wa pili, aliyekuwa akipata asilimia 80 ya pointi za mshindi, sasa anapata 72.

Sisi wa Nairobi tunaoshuka Naivasha kutazama Safari Rally, raundi ya Kenya katika ubingwa wa dunia wa rally, tuliiona hesabu hiyohiyo mwaka huohuo wa 2025. Elfyn Evans alishinda Safari mwezi Machi. Sébastien Ogier hakuja Kenya kabisa, na hiyo ni moja ya raundi tatu alizokosa. Msimu ulipofungwa Saudi Arabia mwezi Novemba, Ogier alikuwa na 293 na Evans 289. Pungufu hilo la pointi nne ni dogo kuliko pointi tano anazopewa dereva mwenye kasi zaidi katika kipande cha mwisho cha mashindano, kile ambacho Safari hukimbiwa Hell's Gate.