Je, wajua kwa nini kuruta hushindwa na mfupa kabla ya kushindwa na pumzi?

Wiki ya kwanza ya mafunzo ya awali ya jeshi, karibu kila kuruta anahema. Kufika ya tatu au ya nne, wengi wameshapata pumzi, wanakimbia huku wakiitikia nyimbo. Ndipo anapoanza kuchechemea mtu ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Inakuwaje mguu uanze kugoma wakati mwili unaonekana umeshazoea?

Jibu limo ndani ya mfupa wenyewe. Moyo, mapafu na misuli huitikia mazoezi upesi. Mfupa huenda kwa kasi yake. Ukizidiwa na mzigo usiouzoea, kwanza seli za aina moja huchimba na kuondoa sehemu iliyochoka, kazi ya takriban wiki tatu. Kisha seli za aina nyingine hujaza tundu hilo kwa mfupa mpya, na kujaza huko huchukua kama miezi mitatu. Katikati hapo, mfupa wa muundi au wa wayo huwa dhaifu kuliko siku kuruta alipoingia kambini, na ukiendelea kugongwa unaweza kupata ufa. Mafunzo ya awali ya jeshi la nchi kavu la Marekani ni ya wiki 10, kwa hiyo kuruta anaweza kupita jukwaani siku ya kuhitimu huku mifupa yake ingali katika ukarabati.

Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza uvimbe na maumivu ya nyayo za askari waliotoka kwenye matembezi marefu. Hakuwa na njia ya kuona ndani, kwani eksirei ilikuja miaka 40 baadaye. Hata leo eksirei inaweza isionyeshe kitu katika wiki mbili tatu za mwanzo, kwa kuwa ufa ni mwembamba kama unywele. Kuruta akirudi na picha safi, asihesabiwe mvivu.

Kwa sababu hiyo, mtu muhimu kuliko wote katika suala hili ni koplo wa sekisheni, yaani kiongozi wa kikundi kidogo cha askari, anayewaona watu wake wakishuka ngazi alfajiri. Maumivu ya misuli ya muundi hutanda, na aghalabu hupungua mwili ukipata joto. Ya ufa hukaa mahali pamoja, panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, na huzidi kadiri mtu anavyotembea. Akipabonyeza anaruka; akiambiwa arukeruke kwa mguu huo mmoja, anakataa. Maumivu ya ndani ya kinena yanahitaji haraka zaidi. Huenda ni shingo ya mfupa wa paja, na hiyo ikikatika kabisa ni upasuaji. Kuruta mwenye dalili hiyo aache kukanyagia mguu palepale, na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Shida ni kwamba kuruta huficha. Anaogopa kurudishwa kozi ya nyuma na kuachana na wenzake, basi anameza dawa ya maumivu na kujipanga mstarini. Koplo anayemdhihaki aliyeripoti mguu amewafundisha thelathini wengine wanyamaze. Dawa ya hili ni ukaguzi wa miguu kila jioni, viatu na soksi vimevuliwa, koplo akipita kitanda kwa kitanda na kugusa. Hapo hakuna anayehitaji ujasiri wa kwenda kulalamika.

Kosa la pili ni la hesabu. Ratiba huandika kilomita za mbio na za matembezi ya mzigo. Haiandiki mwendo wa kutoka bwenini hadi bwaloni, bwaloni hadi uwanja wa kwata, uwanjani hadi kwenye shabaha. Haiandiki kabisa adhabu. Mkufunzi wa asubuhi amewarusha kichura, wa mchana amewazungusha uwanja, wa jioni naye ana yake, na hakuna anayejua mwenzake ametoa nini. Adhabu ya kuruka na kukimbia ni mzigo uleule wa mafunzo, unaomwangukia zaidi aliyechoka, maana ndiye anayekosea. Kiongozi wa platuni, yaani kundi la sekisheni kadhaa, anayejua kazi huweka daftari moja, kila mkufunzi anaandika alichowapa, na adhabu zinazogonga miguu zinafutwa katika wiki za hatari.

Kwata nayo ina lake. Hatua ya kawaida katika majeshi ya Uingereza na Marekani ni inchi 30, kama sentimita 76. Kuruta mfupi anayeivuta hatua hiyo kila siku hukaza mifupa ya nyonga hadi ikapata ufa. Jeshi la Australia lililiona hili kwa kuruta wa kike. Lilipopunguza kasi ya mwendo na kuacha kila mtu atumie hatua yake, nyufa hizo zilipungua sana. Platuni yoyote inaweza kuanza kwa kuwaweka wafupi mbele, wao ndio wapime hatua.

Usingizi na chakula pia ni sehemu ya kazi ya kiongozi, kwa sababu mfupa hujengwa mtu akiwa amepumzika na ameshiba. Kuruta wa kike wa jeshi la majini la Marekani waliopewa kila siku miligramu 2,000 za kalisi pamoja na vitamini D walipata nyufa pungufu kwa asilimia 20 kuliko wasiopewa.

Ufa wa kawaida wa muundi huhitaji wiki sita hadi nane hivi. Kurudi kuna mpangilio: kwanza kutembea bila maumivu yoyote, kisha kukimbia kidogo na kutembea kwa zamu, siku moja kazi, siku moja kupumzika, na mkoba wenye uzito uje mwisho kabisa. Maumivu yaleyale yakirudi mahali palepale, anashuka hatua moja nyuma, na koplo ndiye anayemwambia ashuke, kwa kuwa kuruta mwenyewe hatakubali.