Padre, mbona naungama dhambi zilezile?

Swali hili naulizwa mara kwa mara, nje ya kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi (ningeulizwa ndani, nisingelitaja hapa, maana ya kitubioni ni siri). Anayeuliza kwa kawaida si mtu aliyelipa kanisa kisogo. Ni yule anayekuja kila mwezi bila kukosa, na ambaye orodha yake mwenyewe imeshamchosha: hasira, masengenyo, uongo mdogomdogo, uvivu wa kusali. "Mwezi uliopita nilisema hayahaya, Padre. Au sakramenti haifanyi kazi?"

Inafanya kazi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1547, ulifundisha kwamba sakramenti huleta neema kwa tendo lenyewe, kwa sababu anayetenda ni Kristo. Padre anaweza kuwa amechoka, au yeye mwenyewe ni mdhambi kuliko anayeungama, na maondoleo ya dhambi yakabaki maondoleo. Wewe pia unaweza kutoka pale hujisikii chochote, na bado umesamehewa kwelikweli. Lakini mtaguso huohuo, mwaka huohuo, ulisema pia kwamba kila mmoja hupokea kadiri alivyojiandaa na anavyoshirikiana na neema. Nusu hii ya pili ndiyo tunayoisahau. Tunajenga ukuta: huku sakramenti, kule sala. Kitubio kinakuwa mahali pa kufutiwa deni, sala inakuwa kazi nyingine ya siku, na hazikutani.

Mimi naona zinakutana hasa katika kuchunguza dhamiri kila siku, zoezi ambalo Mtakatifu Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliwataka watu walifanye adhuhuri na jioni. Wengi wetu tunachunguza dhamiri tukiwa tumeshapanga foleni ya kitubio, dakika tano, tukikumbuka yale ya mwezi uliopita. Ndiyo maana tunasema yaleyale: tumekariri.

Ignatius anaanza na shukrani, na mpangilio huo una sababu. Anayeanza kwa kutafuta makosa huishia kujilaani au kujitetea, na vyote viwili humfanya ajitazame mwenyewe tu. Anayeanza kwa kushukuru anakuwa tayari amesimama mbele ya mtu. Kisha unaomba mwanga, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, unaitazama kesho. Robo saa inatosha.

Chukua hasira. Mtu akiipitia siku yake namna hii kwa majuma mawili, anagundua kwamba hasira yake haitokei ovyo. Inakuja saa ileile, akiwa ametoka kazini, baada ya mazungumzo ambayo alihisi amedharauliwa. Asichoweza kumjibu mkubwa wake anakimalizia kwa mke na watoto. Siku ya kitubio hasemi tena "nimekasirika mara nne." Anasema: "Nimemfokea mke wangu mbele ya watoto, kwa sababu sikutaka kuonekana mnyonge mara mbili kwa siku moja." Dhambi ni ileile, ila hayo ni maungamo mengine kabisa. Majuto yanapata pa kushika. Azimio nalo halibaki "sitakasirika tena," ahadi ambayo haifiki jioni. Linakuwa kukaa kimya dakika chache na kusali Baba Yetu kabla ya kufungua mlango wa nyumbani.

Na Ekaristi? Mwaka 1905, Papa Pius X alipohimiza waamini wakomunike mara kwa mara, hata kila siku, masharti aliyoyaweka yalikuwa mawili tu: hali ya neema (yaani kutokuwa na dhambi ya mauti) na nia njema. Hakudai ukamilifu. Aliomba pia maandalizi kabla na shukrani baada ya kupokea, na hapo ndipo nasikitika kidogo. Komunyo ikiisha tu, matangazo yanaanza, na anayetaka kushukuru inabidi ashindane na spika. Baki kwenye benchi dakika kumi Misa ikiisha. Usome Injili ya Jumapili tangu Jumamosi jioni, ili usiisikie kwa mara ya kwanza ikitoka kwa padre au shemasi. Sina siri nyingine zaidi ya hizo.

Kuhusu ukavu wa sala, watu wananieleza kwa aibu, kana kwamba ni ugonjwa wa siri. Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa ambaye leo ni Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye Kanisa linayatambua mafundisho yake, katika mambo hayahaya ya sala, alikiri kwamba kwa miaka alikuwa akisubiri saa igonge ili muda wa sala uishe. Alibaki pale hata hivyo. Mimi mwenyewe nimewahi kupitia kipindi kirefu cha upadre nikisali Masifu ya Asubuhi, sala ya zaburi ya kila siku, kama mtu anayesoma risiti. Ushauri niliopewa na padre mzee ulikuwa mfupi: usiongeze sala, punguza kasi. Nilichukua zaburi moja na kuisoma polepole, mstari mmoja, kimya, mstari mwingine. Utamu haukurudi mara moja. Kilichorudi kwanza ni kusikia ninachosema.

Kwa hiyo, kama orodha yako ni ileile, njoo nayo. Nami nina yangu, na padre ninayeungama kwake hajawahi hata siku moja kuniuliza kama sina jipya.