Sili aliandikishwa, mgeni akaachwa: tunayokosea kuhusu wageni Japani

Mwaka 2002 sili mmoja, yule mnyama wa baharini, alionekana katika mto Tama, unaopita kusini mwa Tokyo. Watu walimpenda, wakamwita Tama-chan, na Februari 2003 kata moja ya Yokohama ikamwandikia cheti cha mkazi. Wageni waliokuwa wakiishi na kulipa kodi Japani waliandamana wakiwa wamejichora masharubu ya sili usoni, maana wao hawakuwa na nafasi katika daftari la wakazi ambamo vyeti hivyo hutolewa. Mwanamume mgeni aliyeoa Mjapani, kwa kawaida hakuonekana kwenye cheti cha nyumba yake mwenyewe: mke yumo, watoto wamo, baba hayumo. Hilo lilirekebishwa Julai 2012.

Kisa hicho kinanigusa kwa sababu mengi tunayoambiana kuhusu kuishi Japani huchanganya mambo mawili: jinsi mtu anavyoandikwa na jinsi anavyotazamwa.

“Mgeni hawezi kuwa raia kule.” Anaweza. Sheria ya Uraia inataja kuishi nchini angalau miaka mitano mfululizo, mwenendo mwema, uwezo wa kujikimu, na kuuacha uraia wa awali. Sharti hilo la mwisho ndilo linalouma zaidi. Mkenya, ambaye Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, atakuta Japani haimruhusu. Na halazimiki kujiita Tanaka: jina lazima liandikwe kwa herufi za Kijapani, basi, na Otieno anaweza kubaki Otieno kwa katakana, aina mojawapo ya herufi hizo. Oussouby Sacko, mzaliwa wa Mali, alipata uraia 2002, na 2018 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika. Marutei Tsurunen, mzaliwa wa Ufini, aliingia bungeni mwaka huohuo wa 2002.

“Basi ukijua lugha, ukavua viatu mlangoni na kuinama ipasavyo, utahesabiwa mwenyeji.” Dhana hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, kwa sababu humfanya mtu ajilaumu kila anapokataliwa: labda lafudhi yangu, labda nilikosea adabu. Mtazame Arudou Debito, mzaliwa wa Marekani anayekijua Kijapani barabara. Bafu moja la umma mjini Otaru, Hokkaido, lilimzuia mlangoni kwa kuwa ni mgeni. Alipopata uraia mwaka 2000 alirudi na karatasi zake mkononi. Akakataliwa tena, akielezwa kwamba sura yake itawatia wateja wasiwasi. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo iliamuru alipwe fidia ya yeni milioni moja, yeye na kila mmoja wa wenzake wawili walioshtaki pamoja naye. Walishinda kwa sheria za madai ya kawaida, maana hakukuwa na sheria ya taifa inayompiga marufuku mwenye biashara kubagua kwa rangi au asili.

Kuna walio na uso na lugha ileile, na bado wakaachwa nje. Korea ilipokuwa koloni, kuanzia 1910 hadi 1945, Wakorea walihesabiwa raia wa dola ya Japani. Aprili 1952 waliokuwa wakiishi Japani waliupoteza uraia huo kwa siku moja. Wajukuu wao wamezaliwa Osaka, wanatania kwa Kijapani cha Osaka, na wasipoomba uraia hubaki wageni kisheria, kwani kule uraia hufuata damu ya mzazi, haufuati mahali ulipozaliwa. Anayesema Wajapani wote ni wa asili moja amewasahau hao, na Waainu wa kaskazini pia, ambao sheria ya 2019 inawatambua kuwa wenyeji wa asili.

Nyumba za kupanga nazo zina hadithi yake. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria uliotolewa 2017 ulionyesha kuwa karibu wageni 4 kati ya 10 waliotafuta nyumba katika miaka mitano waliwahi kukataliwa kwa ugeni wao.

“Kumbe Wajapani hawataki wageni kabisa!” Hapana, hapo tunavuka mpaka. Wakenya wanajua: Samuel Wanjiru alikwenda Sendai mwaka 2002 kusoma sekondari, akakimbia ekiden, mbio ndefu za kupokezana za barabarani, akiwa amevaa tasuki, ule mshipi wa shule unaopokezanwa badala ya kijiti, na 2008 akaleta dhahabu ya marathoni kutoka Beijing. Alipokewa, akalelewa na makocha wa huko. Lakini tangu 2024, katika fainali za taifa za ekiden za sekondari, wanafunzi waliotoka nje wanaruhusiwa vipande vya kilomita 3 tu. Kukaribishwa na kuwekewa mpaka huenda pamoja, na asiyeliona hilo atashangaa kila siku.

Mtaani mambo ni madogo na ya karibu. Katika mitaa mingi kuna kairanban, ubao mwepesi wenye kibanio unaozunguka nyumba hadi nyumba: siku ya taka za chupa, zoezi la zimamoto, usafi wa mifereji Jumapili. Huambatana na orodha ya majina. Unasoma, unagonga muhuri wako mdogo au unatia alama kando ya jina lako, unaupeleka kwa jirani. Asiyejiunga na umoja wa mtaa hurukwa, na wageni wengi hurukwa kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa unaweza kuuliza. Uliza. Ubao ukishafika mlangoni kwako, usilale nao: mwenye nyumba inayofuata anausubiri.