Ufa hauonyeshi mahali ardhi imezama sana

Juzi hapa Nairobi mama mmoja wa kutoka Mui, kule Kitui, aliniuliza swali limenikaa kichwani mpaka leo. "Kijana wangu, hayo makaa wakianza kuchimba chini, nitajuaje kama ni wao wamepasua nyumba yangu?" Makaa ya mawe ya Mui bado hayajachimbwa, na kwa huyo mama hiyo ni nafasi kubwa sana, ngoja nieleze.

Mimi ni sarveya, na kabla nirudi Nairobi nilipima ardhi juu ya migodi ya makaa huko kusini mwa Afrika. Kuna uchimbaji ambapo mashine inakata ukuta mrefu wa makaa ikienda mbele na paa la mgodi linaachwa lianguke nyuma yake. Sasa chukua tabaka la makaa lenye unene wa mita 3, liko mita 150 chini, na sehemu inayochimbwa ina upana wa mita 250. Huku juu ardhi inaweza kushuka karibu mita 1.8, yaani kama asilimia 60 ya ule unene, na inashuka kama sahani, halafu hiyo sahani ni pana kuliko shimo lenyewe, inaweza kupita ukingo wa mgodi kwa mita mia hivi. Kwa hivyo mtu akikwambia "shamba lako haliko juu ya mgodi", bado hajakujibu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Katikati ya sahani, pale imeshuka sana, udongo umebanwa na unaweza kutembea usione ufa wowote. Nyufa kubwa ziko kandokando ambapo ardhi inavutwa. Nyumba ya katikati inaweza kushuka mita nzima na isiharibike kama ile ya ukingoni iliyoshuka kidogo tu lakini upande mmoja kuliko mwingine. Na kuna nyufa zinazosafiri, zinafunguka mashine ikikaribia, ikipita zinajifunga, watu wanasema imepona, kumbe ni udongo wa juu tu umeziba, mvua ikija inashuka nao na shimo linatokea kwa njia ya ng'ombe. Mgodi ukiwa karibu na juu, ufa unaweza kufika mpaka chini, hewa inaingia, na makaa yakipata hewa yanaweza kuwaka yenyewe. Hiyo ndiyo mi huogopa zaidi.

Migodi ya zamani iliyoacha nguzo za makaa zishike paa ni hatari ya aina nyingine, juu inaweza kutulia miaka mingi halafu nguzo zishindwe kwa pamoja. Pale Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960 nguzo zilivunjika na watu 435 wakafia chini.

Kupima ufa wenyewe si ngumu. Piga vigingi vitatu vya chuma, viwili upande mmoja na kimoja ng'ambo, pima kwa tepu kila wiki, hivyo unajua kama unapanuka na pia kama unateleza kwa upande. Udongo ule mweusi kama wa Embakasi na Athi River hupasuka wenyewe jua likiwaka na hufunga mvua ikinyesha, hauhitaji mgodi, kwa hivyo andika na mvua pia. Ufa wa Mai Mahiu wa 2018 uliogopesha nchi nzima na wanajiolojia wengi walieleza ni mvua kubwa ilizoa majivu ya volkano. Ufa peke yake hausemi umetoka wapi.

Setilaiti ya Sentinel-1, inayopima ardhi kwa rada kutoka angani, inasaidia, data ni ya bure tangu 2014, inarudi pale pale kila siku 12 na inaona mshuko wa sentimita chache. Lakini ardhi ikishuka mita kwa wiki chache setilaiti inashindwa kuifuata, na vichaka vinaisumbua, kwa hivyo mi huitumia kingoni, katikati naenda na GPS na leveli, ile mashine ya kupima kimo cha ardhi.

Na alama ya kuanzia kupima, yaani bikoni, iwe mbali! Kuna mgodi mmoja nilikuta walipima miezi mingi na kila kitu kinaonekana kimetulia, kwa sababu ile bikoni waliyoiamini ilikuwa ndani ya sahani, inashuka pamoja na nyumba. Wenye nyumba waliambiwa wanadanganya. Iliniuma sana.

Kwa hivyo mama nilimwambia aanze sasa, kabla ya mashine yoyote kufika. Piga picha kila ukuta, na ule ufa ulioko tayari upige picha rula ikiwa kando yake. Andika kisima kina maji umbali gani kutoka juu, kiangazi na masika. Mpate sarveya wenu wa kuweka bikoni mbali kabisa na hayo makaa ya Mui na kupima nyumba ziko kimo gani, tena zaidi ya mara moja, ili mwendo wa kawaida wa udongo ujulikane. Aliniuliza picha aziweke wapi. Nikamwambia nakala moja kwake, moja kwa mtoto wake aliye Nairobi, na tarehe ziandikwe zote.