Filamu ya mlanguzi: rubani aliyerudi kutoka vitani akaangukia kwenye magendo

Katika sinema ya Uingereza kuna kundi la filamu linaloitwa kwa jina la mhusika wake mmoja: spiv. Ni neno la mitaani lililovuma miaka ya 1940, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalomkaa mtu huyo kama nguo aliyopimiwa na fundi: mlanguzi. Anayeikumbuka Tanzania ya mwaka 1983, serikali ilipowaandama walanguzi na wahujumu uchumi, hahitaji maelezo marefu. Mlanguzi ni yule mwenye bidhaa wakati duka halina, na bei anaipanga mwenyewe. Yule wa London alijulikana kwa mavazi: koti lenye mabega mapana, tai pana ya rangi kali, masharubu membamba.

Filamu ya mlanguzi ni hadithi ya uhalifu iliyozaliwa na uhaba. Uingereza ilianza kugawa chakula kwa kuponi Januari 1940, na nguo mwaka 1941. Watu walivumilia wakiamini kwamba vita vikiisha, mgawo nao utaisha. Haukuisha. Mkate haukuwahi kugawiwa kwa kuponi mabomu yalipokuwa yanaanguka, lakini ukaanza kugawiwa Julai 1946, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Ujerumani kusalimu amri, na ikawa hivyo hadi 1948. Nyama ilisubiri hadi Julai 1954. Washindi walikuwa wanapanga foleni. Kwa hiyo aliyekuja mlangoni na soksi za nailoni, sigara au kipande cha nyama alipata wateja hata miongoni mwa watu waliojihesabu waadilifu, na sinema ilimkuta huko huko barabarani.

Lakini mlanguzi peke yake hujaza tu filamu ya polisi na mwizi. Kinacholipa kundi hili uzito ni mtu wa pili anayewekwa kando yake: askari aliyerudi. Mmoja alibaki nyumbani akatajirika. Mwingine alikwenda, akarudi, akakuta hana nafasi. Filamu zilizo bora zinawakutanisha hawa wawili na kumfanya wa pili amtumikie wa kwanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni They Made Me a Fugitive, yaani "Walinifanya Mtoro", ya mwaka 1947. Aliyeiongoza hakuwa Mwingereza. Alberto Cavalcanti alizaliwa Rio de Janeiro, akafanya kazi Ufaransa, kisha London, na nadhani ugeni huo ndio uliomwezesha kuitazama Uingereza bila kuipamba. Trevor Howard anaigiza Clem Morgan, rubani wa zamani wa jeshi la anga. Hana kazi, anakunywa kupita kiasi, na amani inamchosha. Anaingia katika genge la Narcy, anayeigizwa na Griffith Jones, ambalo linaendesha biashara ya magendo nyuma ya pazia la kampuni ya mazishi. Bidhaa zinasafirishwa ndani ya majeneza.

Picha hiyo ya jeneza inastahili kutazamwa kwa makini. Miaka miwili tu baada ya vita, karibu kila mtaa wa Uingereza ulikuwa na familia iliyofiwa, na wengine hawakupata hata mwili wa kuzika. Cavalcanti anachukua sanduku lile lile, chombo cha heshima ya mwisho, analijaza mali ya ulanguzi na kulipitisha barabarani mchana kweupe, kwa kuwa hakuna atakayesimamisha msafara wa maiti.

Clem ana mpaka wake. Sigara na nyama anaweza kuzivumilia, lakini anapogundua kuwa genge linasafirisha pia dawa za kulevya, anakataa. Kukataa huko kunamponza. Narcy anapanga wizi, polisi anagongwa na gari na kufa, na Clem anaachwa amezimia kwenye usukani. Anahukumiwa kifungo cha miaka 15 na kupelekwa gereza la Dartmoor. Anatoroka ili akamtafute aliyemuuza.

Kwa nini rubani? Askari wa miguu au baharia angeweza kubeba hadithi hiyo hiyo, na baadaye walibeba. Lakini rubani alikuwa kipenzi cha taifa. Tangu 1940, marubani walipoilinda anga ya kusini mwa Uingereza, picha zao zilikuwa kila mahali. Nyuma ya picha hizo mambo yalikuwa mazito. Katika kikosi cha ndege za mabomu, kati ya wahudumu wa ndege wapatao 125,000 walikufa 55,573. Zamu ya kawaida ilikuwa safari 30 za mapigano. Aliyeshindwa kuendelea bila sababu ambayo madaktari waliikubali aliweza kuandikiwa kwamba amepungukiwa na uthabiti wa moyo, maneno yaliyomtenga na wenzake na kumwondoa kazini kwa aibu. Kijana wa miaka 21 alifundishwa kwamba kuogopa ni kosa, kwamba kucheza na kifo ni kazi ya kila usiku. Kisha mwaka 1945 au 1946 akakabidhiwa suti, kofia na koti la mvua, akaambiwa aende nyumbani.

Hapo ndipo ilipo maana ya dhana hii. Clem hasukumwi na tamaa ya fedha. Ana ujuzi ambao serikali ilimpa kwa gharama kubwa, na hakuna anayeuhitaji tena isipokuwa mhalifu. Narcy ndiye mwajiri pekee anayethamini ujasiri wake. Filamu haimwondolei lawama, kwa sababu alichagua mwenyewe kuingia, lakini inauliza nani alimtengeneza. Wapo wahakiki wa London waliolalamika kwamba filamu za namna hii ni chafu na zinachafua jina la nchi. Naona walilalamika kwa sababu swali lilikuwa limewagusa.

Wazo hilo lilisafiri. Mwaka 1955 Basil Dearden alitoa The Ship That Died of Shame, ambamo mabaharia waliopigana pamoja wanainunua boti yao ya zamani ya kivita na kuigeuza ya magendo, wakianza na pombe na kuishia kwenye mizigo wasiyoweza kuitazama. Marekani ilikuwa na lake: katika The Blue Dahlia ya 1946, wanajeshi watatu wa kikosi cha anga cha jeshi la maji wanarudi nyumbani, mmoja akiwa na jeraha la kichwa. Raymond Chandler, aliyeiandika filamu hiyo, alikusudia huyo majeruhi awe ndiye muuaji. Jeshi la maji lilipinga, na mwisho ukabadilishwa. Trevor Howard mwenyewe alivuka upande: mwaka 1949, katika The Third Man, ni afisa wa Kiingereza mjini Vienna anayemsaka mlanguzi wa penisilini iliyochakachuliwa.

Kimuonekano, filamu hizi ni ndugu wa zile ambazo Wafaransa waliziita nyeusi, kwa maana ya giza: vivuli virefu, barabara zilizolowa, taa moja inayoacha nusu ya uso gizani. Katika filamu ya Cavalcanti, mpiga picha Otto Heller anaifanya London ionekane kama jengo lililobaki baada ya moto.

Pambano la mwisho linafanyika katika kampuni ile ya mazishi, kati ya majeneza, kisha juu ya paa, penye herufi kubwa za kuwatakia marehemu mapumziko ya amani. Narcy anaanguka. Akiwa anakata roho anaombwa aseme ukweli ili Clem asafishwe jina. Neno lake moja lingetosha. Anakataa, anakufa akilaani, na Clem anaondoka na polisi.