Kukusanya mwanga ndani ya tishu: maana yake na kinachokwamisha

Usiku, washa tochi ya simu uifunike kwa kiganja. Vidole vyote vinawaka wekundu, lakini mifupa huioni. Wekundu huo ni kazi ya himoglobini ya damu, inayofyonza bluu na kijani. Mifupa kutoonekana kuna sababu nyingine: mtawanyiko wa mwanga, na ndio unaokwamisha kuukusanya mwanga kwenye nukta moja ndani ya tishu, yaani nyama ya mwili.

Ndani ya tishu, maji hupunguza kasi ya mwanga mara 1.33, mafuta ya utando wa seli takriban mara 1.46. Kila mpaka kati ya hivyo viwili hukengeusha mwanga kidogo, na mwanga hutawanywa hivyo karibu kila sehemu ya kumi ya milimita. Baada ya milimita moja hivi, mwelekeo wa awali umepotea. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, na taa ya mvuvi wa dagaa huzama mbali. Mto Malagarasi unapoingia ziwani na tope lake, taa ileile huishia kuwa ukungu mweupe. Tishu iko upande wa Malagarasi. Kutumia leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hadi 950 husaidia, kwa kuwa damu na maji hufyonza kidogo hapo, ila kutawanyika kunabaki. (Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakijali: kinahitaji mwanga upenye tu, si ukusanyike.)

Kutawanyika si kupotea. Mwanga umevurugwa kwa njia maalumu, na tishu isipotikisika, uvurugaji ni uleule kila mara. Basi unaweza kuuvuruga mwanga mapema, kinyumenyume, ili tishu yenyewe iunyooshe. Mwaka 2007 Ivo Vellekoop na Allard Mosk wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walifanya hivyo kupitia tabaka la rangi nyeupe, wakapata nukta iliyong'aa hadi mara 1000 zaidi ya mwanga uliotawanyika kuizunguka.

Leza hupitishwa kwenye kioo chenye pikseli nyingi, kila moja ikiweza kuchelewesha wimbi kidogo. Badilisha ucheleweshaji wa pikseli moja, pima mwangaza pale unapopataka, bakiza uliong'aza zaidi, nenda pikseli inayofuata. Pikseli 1000 hutoa ongezeko la takriban mara 785.

Shida huanza hapo kwenye "pima". Ndani ya ubongo huwezi kuweka kamera. Njia inayotumika sana ni ultrasaundi: mwanga unaopita mahali sauti ilipokazwa hubadilika masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) kidogo, hivyo hutambulika ukitoka nje, hurekodiwa kama hologramu (rekodi ya umbo zima la wimbi), kisha hurudishwa kwa njia uliyojia. Lakini ultrasaundi ya 5 MHz hukazwa kwenye eneo la kama milimita 0.3, na humo mna madoa ya mwanga zaidi ya nusu milioni yanayogawana ongezeko. Hata pikseli milioni moja hazitoshi: mwanga huongezeka mara moja na nusu tu hivi. Ukipanda hadi 50 MHz eneo hupungua mara kumi kila upande, ila sauti hiyo hufifia haraka mno kufika ndani.

Adui mkubwa kuliko wote ni damu. Kila seli nyekundu inayosogea hubadilisha uvurugaji, na kwenye tishu hai kipimo huchakaa ndani ya milisekunde chache. Hesabu: pikseli 1000, vipimo vitatu kila moja, kioo cha fuwele-kimiminika cha picha 60 kwa sekunde, ni sekunde 50. Vioo vidogo vinavyogeuka mara 23,000 kwa sekunde huishusha hadi sekunde 0.13, na bado ni kuchelewa. Ndiyo maana, ukisikia mtu amekusanya mwanga sentimita kadhaa ndani, uliza kwanza kama nyama ilikuwa hai. Kipande cha kifua cha kuku kwenye meza ya maabara hakina mzunguko wa damu.